Lugha za kompyuta nazo zina wenyewe

Likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani Kitui kama ilivyo ada yangu. Jioni moja mpwa wangu, ambaye anafanya kazi mjini Wote katika kaunti jirani ya Makueni, alinionyesha programu ya simu aliyoiandika kwa ajili ya wanunuzi wa ndengu. Mnunuzi anaingiza jina la mkulima, uzito wa gunia na bei ya siku hiyo. Simu inapiga hesabu na kuhifadhi kumbukumbu hata mahali pasipo na mtandao. Nilimpongeza kwa dhati. Kisha, kwa kuwa kazi yangu ni isimu, nikamwuliza ameiandika kwa lugha gani.

"Mjomba, nimetumia Kotlin," akanijibu. "Chuoni tulifundishwa Java. Hii Kotlin nimejifunza mwenyewe usiku."

"Kwani Java imekatazwa?"

"Haijakatazwa. Ila siku hizi mwandishi wa programu za simu asiyejua Kotlin anaachwa nyuma."

"Na ni nani aliyeamua hivyo?"

Kijana akacheka. Akasema yeye hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Aliona tu mambo yamegeuka, naye akageuka nayo.

Mpenzi msomaji, swali hilo nimerudi nalo kazini, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyoona kwamba si swali la mafundi wa kompyuta peke yao. Ni swali la sera ya lugha. Serikali zetu za kaunti, vyuo vyetu na shule zetu zinachagua lugha za programu kila mwaka, mara nyingi bila kujua kwamba zinachagua. Na anayechagua lugha yenye mwenyewe amechagua pia bwana wa lugha hiyo.

Sisi wanaisimu tumezoea kusema kwamba lugha haina mwenyewe. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini si kweli yote. Tukumbuke yaliyotokea kwa Kiswahili chenyewe. Mnamo 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, lahaja ya Kiunguja iliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kusimamia usanifishaji huo katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kamati hiyo haikumkataza Mswahili wa Mombasa kusema Kimvita. Hakuna askari aliyetumwa Mji wa Kale kusikiliza jinsi watu wanavyotamka. Kilichofanyika ni kwamba vitabu vya shule vilipitishwa na Kamati kabla ya kupata idhini. Mwandishi aliyetaka kitabu chake kisomwe madarasani alijua aandike vipi. Aliyependa Kimvita alibaki na uhuru wake, ila soko lilikuwa upande wa pili.

Hata hapa kwetu Ukambani mambo hayakuwa tofauti sana. Kikamba kilichoingia katika Biblia na katika vitabu kiliegemea lahaja ya Machakos. Mkamba wa Kitui hajaacha kusema Kikitui chake sokoni na nyumbani, lakini anaposhika kalamu huandika kama jirani yake wa magharibi. Hakuna aliyemlazimisha, njia iliyolimwa ndiyo ipitwayo.

Hapo ndipo ilipo siri ya mamlaka juu ya lugha. Mwenye mamlaka hakatazi. Hufanya njia moja iwe nyepesi na nyingine iwe nzito, kisha akawaacha watu "wachague" wenyewe. Nimeona jambo hili likijirudia neno kwa neno katika ulimwengu wa kompyuta, isipokuwa kwamba huko mamlaka ni makali zaidi, nami nitaeleza kwa nini.

Lugha ya programu ni utaratibu wa maneno na alama ambao mtu huutumia kuiamuru kompyuta. Lakini kompyuta haiyaelewi maneno hayo moja kwa moja. Lazima awepo mkalimani kati yao, nayo ni programu nyingine inayogeuza maandishi ya binadamu yawe maagizo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza. Pasipo mkalimani huyo, maandishi yote ni wino mtupu. Mimi na wewe tukitaka kuzungumza Kikamba hatuhitaji ruhusa ya mtu wala chombo cha mtu. Mwandishi wa programu anahitaji mkalimani, na mkalimani huyo ana leseni, na leseni ina aliyeiandika. Aidha, jina la lugha lenyewe laweza kuwa alama ya biashara iliyosajiliwa. Kwa hiyo lugha ya kompyuta inaweza kumilikiwa kwa namna ambayo Kiswahili hakijawahi kumilikiwa hata katika enzi za ukoloni.

Tuangalie sasa mifano mitatu, yote ikiwa inatugusa.

Mfano wa kwanza ni Java. Lugha hii ilitangazwa mwaka 1995 na kampuni ya Marekani iitwayo Sun Microsystems, na ikaenea duniani kote. Wengi wetu hatujui jinsi ilivyofika hadi vijijini mwetu. Mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, umeandikwa kwa Java. Kenya iliuanzisha nchi nzima mwaka 2011, na ndio unaopokea takwimu za vituo vya afya: idadi ya watoto waliochanjwa, ya akina mama waliojifungua, ya wagonjwa wa malaria. Mfumo wa KenyaEMR, unaohifadhi kumbukumbu za wagonjwa hasa katika kliniki za Ukimwi, umejengwa juu ya OpenMRS, ambayo nayo ni kazi ya Java. Kwa hiyo takwimu za zahanati ya Mutomo au ya Kibwezi zinapopelekwa Nairobi, zinapita katika lugha ambayo muuguzi aliyeziandika hajawahi kuisikia.

Januari 2010, Sun ilinunuliwa na kampuni ya Oracle, na lugha ikapata bwana mpya. Mwezi Agosti mwaka huohuo Oracle iliishtaki Google ikidai kwamba imenakili sehemu za Java, yapata mistari 11,500, katika kuunda mfumo wa simu wa Android. Kesi hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi, ikipanda na kushuka mahakamani, hadi tarehe 5 Aprili 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwa kura 6 dhidi ya 2 kwamba Google iliitumia mistari hiyo kwa njia ya haki.

Huku kesi ikiendelea, masharti nayo yalibadilika. Mwaka 2019 mashirika yaliyotumia Java ya Oracle kwa shughuli za biashara yalitakiwa kulipia ili kuendelea kupata marekebisho. Haki inataka niseme kwamba mwaka 2021 Oracle ililegeza kamba kwa matoleo mapya. Lakini Januari 2023 ikaleta utaratibu mwingine wa malipo: anayejisajili hulipia wafanyakazi wote wa shirika lake, wawe wanaitumia Java au hawaitumii, hata mlinzi wa lango na mpishi. Bei iliyotangazwa ilianzia dola 15 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Hebu tuseme hospitali ina wafanyakazi 400. Hizo ni dola 6,000 kwa mwezi, yaani dola 72,000 kwa mwaka. Ni fedha za dawa hizo.

Je, mifumo yetu ya afya ilinaswa katika mtego huo? La, haikulazimika kunaswa. Lakini hebu tuulize ni nini kilichoiokoa. Si huruma ya kampuni yoyote. Kati ya Novemba 2006 na Mei 2007, kabla ya kuuzwa, Sun ilikuwa imeyatoa maandishi ya Java kwa umma chini ya leseni huria, nayo yakaitwa OpenJDK. Leseni ya namna hiyo haiwezi kufutwa na mnunuzi aliyekuja baadaye. Hivyo leo wapo wakalimani wengi wa Java, wanaotolewa na mashirika mbalimbali bila malipo, na mifumo kama DHIS2 inaendeshwa kwa wakalimani hao bila tatizo. Mlango mmoja ulipowekewa mtoza ushuru, mingine ilikuwa wazi. Tulinusurika kwa sababu ya karatasi iliyotiwa saini miaka mingi iliyopita na watu ambao hawakuwa wakitufikiria sisi. Huo ulikuwa ni bahati kwa upande wetu. Haukuwa mpango wetu.

Mfano wa pili ni ule wa mpwa wangu. Kotlin ilianzishwa na kampuni ya JetBrains, ambayo chimbuko lake ni Prague, na ilitangazwa mwaka 2011. Mei 2017 Google ikaikubali rasmi kuwa lugha ya kuandikia programu za Android. Mei 2019 ikatangaza kwamba kuanzia hapo Kotlin ndiyo itakayotangulizwa. Java haikupigwa marufuku, na hadi leo mtu anaweza kuandika programu ya Android kwa Java. Lakini Julai 2021 Google ilitoa toleo kamili la Jetpack Compose, chombo kipya cha kutengenezea sura ya programu za simu, na chombo hicho kinatumika kwa Kotlin tu. Mifano mipya, mafunzo mapya na vifaa vipya vikafuata mkondo huo. Je, msomaji haoni Kamati ya 1930 ikirudi kwa vazi jingine? Anayetaka Kimvita chake na abaki nacho. Vitabu vya shule vimeandikwa kwa Kiunguja.

Siisemi vibaya Kotlin. Mpwa wangu anasema ni tamu, kwamba analoliandika kwa mistari mitano Java ingelitaka kumi, na kwamba inamwepusha na makosa mengi. Tena maandishi yake ni huria. Hata Kiunguja kilikuwa na sifa zake. Hoja yangu ni kwamba simu nyingi mno nchini mwetu ni za Android, na uamuzi mmoja uliotangazwa katika mkutano wa kampuni huko California ulibadilisha thamani ya cheti cha kijana wa Wote, pasipo kijana huyo, chuo chake wala serikali yake kuulizwa.

Mfano wa tatu ni mchungu zaidi. Kwa miaka mingi vitabu vya somo la Kompyuta katika shule zetu za upili vilifundisha lugha mbili, Pascal na Visual Basic. Hatima ya lugha hizo mbili, zilizokaa katika kitabu kimoja kama pacha, ni somo kamili.

Visual Basic ilikuwa mali ya Microsoft, iliyoitoa mwaka 1991. Toleo la sita, la mwaka 1998, lilipendwa mno, kwa kuwa hata mtu asiye mtaalamu aliweza kuunda programu ya duka au ya maktaba. Mwaka 2002 Microsoft ikaleta mrithi mwenye jina linalokaribia lile la zamani lakini mwenye sarufi tofauti, kiasi kwamba kazi za awali hazikuweza kuhamishwa bila kuandikwa upya kwa sehemu kubwa. Mwaka 2005 waandishi wengi wa programu waliiandikia kampuni ombi la kuinusuru lugha yao. Ombi halikusikilizwa. Aprili 2008 huduma kwa karakana ya toleo la sita ikakoma. Programu zilizokwisha kuandikwa ziliendelea kufanya kazi, lakini chombo cha kuzitengenezea kiliachwa kizeeke bila fundi. Na Machi 2020 kampuni ikatangaza kwamba hata yule mrithi hataendelezwa tena kama lugha.

Pascal, kwa upande wake, ilibuniwa na mwanazuoni wa Uswisi, Niklaus Wirth, na kutangazwa mwaka 1970. Aliibuni kwa ajili ya kufundishia. Leo si lugha ya mitindo, na hakuna anayepata ajira kwa urahisi kwa kuijua. Lakini hakuna aliyeweza kuifunga. Mwanafunzi aliyehifadhi zoezi lake la zamani anaweza kumchukua mkalimani wa bure aitwaye Free Pascal, akaliendesha zoezi hilo katika kompyuta ya leo. Lugha hiyo ilipoteza umaarufu kwa kuwa watu waliiacha. Ile nyingine iliwaacha watu. Tofauti ni kubwa.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba lugha nzuri hugharimu fedha, na kampuni ndizo zenye fedha. Ni kweli. Mafundi wanaowatengeneza wakalimani hao hula na kulipa kodi ya nyumba kama sisi. Lugha isiyo na mfadhili yaweza kufa njaa kabla haijatembea. Hata Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991 na ambayo haki zake zinashikiliwa na wakfu usio wa biashara tangu 2001, inategemea kwa sehemu mafundi wanaolipwa na kampuni kubwa. Siwaambii vijana wetu wazikimbie lugha za kampuni. Mtu haendi sokoni na sarafu anayoipenda yeye peke yake.

Lakini kuna tofauti kati ya kufadhiliwa na kumilikiwa. Lugha ya Rust ililelewa na shirika la Mozilla. Agosti 2020, Mozilla iliwaachisha kazi watu wapatao 250, baadhi yao wakiwa mafundi wa lugha hiyo. Lau ingelikuwa mali ya shirika hilo peke yake, pengine leo tungekuwa tukiisimulia. Kwa kuwa maandishi yake yalikuwa huria na jumuiya yake ilikuwa imekomaa, Februari 2021 uliundwa wakfu wa kuitunza, na kampuni kadhaa zinazoshindana zikachangia kwa pamoja. Mzigo uliokuwa juu ya bega moja ukawekwa juu ya mabega mengi. Lugha ikapona.

Sasa, haya yote yanazihusu vipi Kitui na Makueni? Yanazihusu sana. Kaunti hizi mbili zinanunua mifumo ya kukusanyia ushuru, ya hospitali na ya kumbukumbu za ardhi. Kitui ina Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, pale Kwa Vonza, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Makueni ina Konza, mji wa teknolojia uliozinduliwa Januari 2013 na Rais Mwai Kibaki, ambako mwaka 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya nacho kiliweka makao. Vijana wanafundishwa na fedha za umma zinatumika. Ingekuwa aibu iwapo, baada ya miaka kumi, tungekuta kwamba tuliyoyajenga yanasimama au kuanguka kwa barua pepe moja kutoka ng'ambo.

Napendekeza basi kwamba kila anayechagua lugha kwa niaba ya umma, awe afisa wa ununuzi au mkuu wa idara chuoni, aulize maswali matatu kabla ya kutia saini.

Swali la kwanza: ni nani anayeweza kubadilisha masharti, na je, akiyabadilisha, yale tuliyokwisha kupewa yatabaki halali? Hili ndilo lililotuokoa katika suala la Java.

Swali la pili: je, yupo mkalimani wa pili? Lugha yenye mkalimani mmoja aliye mikononi mwa kampuni moja ni kisima chenye ufunguo mmoja. Lugha yenye wakalimani kadhaa walio huru hata ikipata bwana mkorofi ina pa kukimbilia.

Swali la tatu: je, maandishi ya programu tuliyoilipia ni yetu? Mikataba ya kaunti iseme wazi kwamba mjenzi wa mfumo atakabidhi maandishi yote pamoja na maelezo yake, ili fundi mwingine, hata awe kijana wa Mwingi au wa Emali, aweze kuyaendeleza.

Kwa vyuo nina neno moja zaidi. Mwanafunzi wa isimu hatumfundishi lugha moja tu. Tunamfundisha lugha ni nini, ili akikutana na lugha mpya aweze kuichambua. Mwanafunzi wa kompyuta naye astahili hivyo. Afundishwe misingi ambayo haina leseni: jinsi ya kulipanga tatizo, jinsi ya kuhifadhi data, jinsi ya kulisaka kosa. Afundishwe walau lugha mbili zenye tabia tofauti, na mojawapo iwe ya jumuiya. Tena aambiwe wazi, darasani, kila lugha ni ya nani. Mpwa wangu alifaulu kuvuka kutoka Java hadi Kotlin kwa sababu misingi alikuwa nayo. Wapo wenzake waliofundishwa kubofya vitufe vya chombo kimoja, na chombo kilipozeeka, elimu yao ikazeeka nacho.

Watu wa Kitui na Makueni hawahitaji kufundishwa na mtu yeyote maana ya kutegemea chanzo kimoja. Mabwawa ya mchanga yaliyomo katika mito yetu ya msimu yalijengwa na vikundi vya mwethya, watu wakibeba mawe kwa zamu. Wafadhili walileta saruji, na tuliwashukuru. Lakini bwawa likishajengwa, maji yake hayapo katika tangi la mtu. Yamo chini ya mchanga, na kila mwenye mikono huchimba akayapata, hata mfadhili akiondoka.

Kabla sijaondoka nyumbani nilimwuliza mpwa wangu kama sasa anajua ni nani aliyeamua. Akasema anajua. Akaniambia pia kwamba ile sehemu ya kupiga hesabu za ndengu ameitenga peke yake katika programu, mbali na zile zinazotegemea chombo cha mtu, ili siku upepo utakapogeuka tena asianze upya. Nami nikaona kwamba kijana huyo, ambaye hana kamati wala bajeti, amekwisha kuwa na sera ya lugha. Zilizobaki ni kaunti mbili.